Vibanio Viwili vya Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya chai, shangazi yangu husimama mbele ya kioo cha sebuleni na kubana kilemba chake kwa vibanio viwili vya nywele. Ni vibanio vya alumini, vyenye meno, virefu kama kidole cha mwisho. Cha kwanza hukibana juu ya sikio la kushoto, cha pili chini yake kidogo. Halafu huvigusa vyote viwili kwa ncha ya kidole, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kuvuka barabara, na hapo ndipo huuliza kama maji yamechemka.

Nywele za kubana hana. Hunyolewa kila mwisho wa mwezi, kichwa kikabaki laini kama kijiko, na kilemba chake hukifunga fundo ambalo lingeweza kumshikilia mbuzi.

Nilipohamia kwake, baada ya kumaliza chuo kikuu na kupata kazi ya nusu siku maktaba, nilidhani ni urembo. Majirani nao walidhani hivyo. Mwenye saluni inayotazamana na karakana yake alizoea kumtania: "Shoga, siku nywele zikikuota niite, nije nikupangie vizuri hivyo vibanio." Shangazi hucheka tu na kufungua kufuli. Mimi kuuliza si kazi ninayoiweza. Nilikaa wiki mbili nikitazama, na mwisho nikaona.

Shangazi ni fundi redio. Alianza akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa mzee mmoja aliyekubali kumfundisha kwa sababu vijana wa kiume aliowafundisha kabla yake walikuwa na haraka ya kuonekana wanajua. Sasa ana miaka hamsini na tisa. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango mmoja na dirisha lililozibwa na rafu, kwa hiyo taa ya mezani, ile yenye shingo ndefu, inawaka mchana kutwa. Kwenye rafu kuna redio, feni, pasi na amplifaya, kila kimoja na kikaratasi chake kilichoandikwa kwa mkono wa Shangazi. "Haisemi." "Inasema ikitaka." "Mwenyewe anasema ilianguka. Iliangushwa."

Siku niliyoona, alikuwa na redio ya zamani mezani. Vifaa vya siku hizi vina moyo mgumu, joto kidogo haliviui. Redio za zamani ndani yake mna transista zenye roho nyepesi: kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya hindi, chenye miguu mitatu myembamba kama sharubu za paka. Transista ndiyo inayoikuza sauti. Bila hiyo, redio ni sanduku. Ili ikae mahali pake lazima uyeyushe risasi ya kulehemu kwenye kila mguu kwa chuma cha moto, na joto hilohilo likipanda mguuni mpaka mwilini, basi, imekufa. Haitoi moshi wala harufu. Inakufa kimya kama mtu mstaarabu.

Shangazi alipeleka mkono kichwani, akachomoa kibanio kimoja, akaubana mguu wa transista katikati, baina ya mwili na pale risasi itakapotua. Joto lilipoanza kupanda lilikikuta kibanio njiani, likaingia humo na kuishia humo. "Gusa, yeyusha, toka," alisema chini kwa chini, akaondoa chuma, akapuliza, akangoja. Mguu uliofuata aliubana kwa kibanio cha pili, maana cha kwanza kilikuwa bado na moto. Alipomaliza alivirudisha vyote kichwani bila kuvitazama.

Akaniona nimetumbua macho.

"Mwalimu wangu alikuwa anavishika mdomoni," akasema. "Mimi nilimwambia mdomo wangu nauhitaji."

*

Jirani yake wa ukuta mmoja ni fundi cherehani, mwanamume mpana mno ambaye mtaa mzima unamwita Ukuta, na yeye anaitika. Cherehani yake ikisimama, yeye huja karakana na kikombe cha chai mkononi, futi ya kitambaa shingoni, akainama juu ya meza ya Shangazi kuangalia leo kunapasuliwa nini. Na akiinama, giza linaingia.

"Ukuta, toka, unaniziba mwanga."

"Mwanga wenyewe wa taa. Ungekuwa wa jua ningeomba radhi."

"Toka."

Maneno haya niliyasikia mara nyingi hata nikawa siyasikii tena, kama mtu anayekaa karibu na mashine ya kusaga.

Mwaka huu, ndani ya mwezi mmoja, Shangazi aliunguza transista mbili. Ya kwanza ilikuwa ya redio ya mlinzi wa shule. Shangazi akampa mlinzi redio yake mwenyewe ya jikoni na kusema ni makosa ya transista. Ya pili hakusema ni makosa ya nani. Usiku huo wakati wa kula aliweka mkono wa kulia juu ya meza, vidole vimetandazwa, akautazama kama anavyotazama kifaa cha mteja.

"Umeanza kuwa na mambo yake," akasema.

Mimi sikuona mtetemo wowote. Lakini si mimi niliyekishika chuma miaka thelathini na saba.

Dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita Shangazi Mkubwa, ana duka la mapazia, na kwa miaka miwili amekuwa akimpigia simu amshawishi aende wakae wote. Simu zake huwa za sauti ya juu, kwa hiyo mtu huna haja ya kutega sikio.

"Mdogo wangu, kiti kipo, feni ipo. Utavuta pumzi ya moshi wa risasi mpaka lini? Mapazia hayaungui."

"Yanaungua, dada."

"Si ndani ya kuhesabu moja mpaka tatu."

Ndipo akaja Kamba-Tano.

*

Kamba-Tano ni mpiga gita mstaafu. Jina lake lilitokana na dansi moja ya zamani ambapo waya wa sita ulikatika kwenye wimbo wa kwanza, naye akapiga mpaka mwisho kwa nyaya tano. Watu walipenda, na yeye hakuwahi kuufunga tena ule wa sita. Ni mtu mrefu, shati limechomekewa, anazungumza polepole. Alileta gita lake ndani ya shuka na kisanduku cha chuma ndani ya mfuko wa plastiki.

Kisanduku kile ni pedali. Mpiga gita hukiweka sakafuni, akakikanyaga, na sauti nyororo ya gita inageuka kuwa nzito yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi na ana jambo la muhimu la kusema. Ya Kamba-Tano ilikaa miaka kumi na minane juu ya kabati, chini ya paa linalovuja. Shangazi alifungua kifuniko, na kutu ikamwagika mezani kama kahawa.

"Jumamosi saa tisa alasiri tunapiga ukumbini," alisema Kamba-Tano. "Bendi yote ya zamani, sisi tuliobaki. Mpiga besi amefanyiwa upasuaji wa goti, anapiga amekaa. Mwimbaji amesahau beti za pili zote. Mimi vidole bado vinanitii. Lakini bila sauti hii hakuna atakayejua kama ni mimi."

"Watakuona."

"Fundi, mimi watu walikuwa hawanitazami. Walikuwa wananisikia."

Shangazi alilipenda jibu hilo, niliona kwa jinsi alivyovua miwani na kuifuta. Akaeleza kilichohitajika. Waya, kitufe na soketi alikuwa navyo. Ila sauti yenyewe ilitoka kwenye transista mbili za zamani, za aina ileile ya roho nyepesi, na miguu yake ilikuwa imelika na kutu. Za namna hiyo hazitengenezwi tena. Alizonazo zilikuwa ndani ya redio moja ya mkoba wa ngozi, iliyoachwa hapo na mteja aliyehama mji kabla mimi sijazaliwa. Akazing'oa mbele yetu, nne, akazipima moja moja. Mbili zilikuwa zimekufa zamani. Mbili zilikuwa hai.

"Kwa hiyo zipo zinazotosha," alisema Kamba-Tano.

"Zinatosha. Ya kukosea ndiyo haipo."

Alipoondoka, Shangazi alikaa na zile transista mbili kwenye kiganja. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema atanunua chumvi, "Hizi ndizo mtihani wangu. Nikizilehemu salama, naendelea. Nikiunguza hata moja, chuma nakichomoa, naenda kukaa na mapazia."

"Shangazi," nilisema.

"Usinionee huruma. Fundi asiyejua mwisho wake ni hasara kwa wateja."

*

Alichagua siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, wakati barabara inasinzia. Alishaisafisha bodi, ule ubao wa nyaya ulio ndani ya pedali, na kupanga kila kitu siku mbili kabla. Zilibaki transista tu. Mimi nilitoka maktaba nikaja kukaa kwenye kigoda changu kando ya mlango. Alilowesha sponji, akafuta ncha ya chuma mpaka ikang'aa. Akaivuta taa shingo yake mpaka ikawa karibu kugusa bodi. Akachomoa vibanio kichwani.

Ukuta akaingia na chai.

"Leo ndiyo leo?"

"Leo ndiyo leo, na wewe leo hukai hapa. Nenda kashone."

"Sijainama hata kidogo."

"Utainama. Nakujua. Toka, unaniziba mwanga."

Ukuta aliondoka ameumia kidogo, na muda si mrefu tukasikia cherehani yake ikienda kwa kasi kuliko kawaida, ya mtu anayeshona ili asikike.

Miguu sita. Mguu wa kwanza, kibanio, gusa, yeyusha, toka. Pumzi. Wa pili, kibanio cha pili. Wa tatu. Transista ya kwanza ikawa imekaa. Mguu wa nne ulikuwa mfupi, umekatwa vibaya tangu kiwandani, na kibanio hakikupata pa kushika. Meno yaliteleza yakagonga mwili wa transista, kik. Shangazi alitulia, akakirudisha kibanio mahali pake, akaendelea. Mkono haukutetemeka. Wa tano. Wa sita alikaa nao muda mrefu kabla ya kugusa, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika kitabu juu chini.

"Toka," akasema mwishoni, na akakiweka chuma kwenye kishikio chake.

Akaunganisha gita, pedali na amplifaya. Shangazi hajui kupiga gita. Alipitisha kucha kwenye waya mmoja, na sauti ikatoka ikiwa na mikwaruzo yake yote, kubwa, ya kupendeza. Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Chini ya ile sauti kulikuwa na nyingine, mngurumo wa mfululizo, kama friji ya jirani inayosikika ukutani. Waya ukanyamaza, mngurumo ukabaki.

Akachomoa pedali: amplifaya kimya. Akaichomeka: mngurumo. Akabadilisha betri ya pedali. Mngurumo. Akakagua kila waya. Mngurumo.

Alijaribu kwa saa nzima, na sikuthubutu hata kufunua ukurasa. Mwisho akavua miwani.

"Nimeiunguza," akasema. "Ile ya pili. Haikufa, imejeruhiwa. Huo ndio mlio wake wa kulalamika."

Saa tisa na nusu akachomoa chuma ukutani. Kila siku hukichomoa saa kumi na moja. Vibanio hakuvirudisha kichwani; alivitia kwenye pochi. Nyumbani alipiga simu yeye mwenyewe.

"Dada, kile kiti bado kipo?"

Kelele za furaha zilizotoka kwenye simu zilimfanya aiweke mbali na sikio. Jumatatu, wakapatana. Halafu akaviweka vibanio kwenye ubao ulio chini ya kioo, akaniita.

"Chukua wewe. Vitakushikia kurasa."

Nilisema asante. Lakini sikuwa na moyo wa kuvichukua. Nilipokwenda kulala vilikuwa palepale.

*

Ijumaa zamu yangu ya maktaba ni ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwepo nikimimina maji kwenye birika. Nilimsikia akitoka chumbani, nikamsikia akisimama mbele ya kioo. Kisha, "Maji yamechemka?" Niliinua kichwa. Vibanio viwili juu ya sikio la kushoto. Nikasema yamechemka.

Tulikwenda karakana mapema, yeye ameshaandaa maneno ya kumwambia Kamba-Tano. Lakini Kamba-Tano alikuwa amefika kabla yetu, amekaa kwenye ngazi ya mlango, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Vipi, imeitika?"

Shangazi hakuzunguka. Alimweleza yote mlangoni, kwamba kosa ni lake, kwamba nyingine hakuna. Kamba-Tano alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia viatu vyake.

"Basi nisikie tu," akasema. "Nimengoja miaka kumi na minane. Hata ikiwa mgonjwa, nataka kuisikia."

Shangazi akawasha taa, akaiinua shingo yake juu ya meza, akaunganisha pedali ikiwa bado wazi. Mngurumo ukajaa chumbani. Kamba-Tano akapiga noti tatu polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwona rafiki yake hospitali.

"Ni yeye," akasema. "Ila ana mafua."

Hapo ndipo Ukuta alipoingia na kikombe. Hakuna aliyemwambia kitu, na kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu, aliinama.

Mngurumo ukakoma.

Tulitazamana. Ukuta akadhani ameharibu, akasimama wima haraka, na mngurumo ukarudi.

"Umegusa nini?" akauliza Shangazi.

"Sijagusa kitu. Mikono hii hapa, yote ina chai."

"Inama tena."

"Si huwa unakataza?"

"Inama, Ukuta."

Akainama. Kimya. "Simama." Mngurumo. "Inama." Kimya. Kamba-Tano alilaza gita mapajani.

"Fundi, huyu bwana ana sumaku?"

"Ana tumbo."

"Tumbo hili lina heshima zake," alisema Ukuta akiwa bado ameinama. "Na mgongo unauma. Mimi ni fundi cherehani, si pazia."

Shangazi hakucheka. Alikuwa ametazama kivuli cha Ukuta juu ya bodi. Aliunyoosha mkono wake taratibu, ule wa kulia, akamsukuma Ukuta pembeni, mngurumo ukarudi, akautandaza mkono wenyewe juu ya transista bila kuzigusa. Kimya. Akautoa. Mngurumo. Akazima taa ya mezani.

Kimya.

Akawasha. Akazima. Akawasha. Nadhani alifanya hivyo mara kumi, na kila mara mdomo wake ulikuwa ukisogea kidogo kuelekea kicheko.

"Lete kioo cha kukuzia," akaniambia. "Droo ya pili."

Aliinama na kioo. Kisha akaniita niangalie. Kwenye mwili mweusi wa transista ya pili kulikuwa na mkwaruzo mdogo kama chembe ya sukari, pale meno ya kibanio yalipoteleza. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka, na chini ya rangi palikuwa na kioo kitupu.

"Ndani ni kioo," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Mwanga unaingia. Taa ya umeme inatetemeka, jicho halioni, lakini hii inaona, na ikiona inanguruma." Akakaa. "Miaka thelathini na saba. Nilikuwa nadhani ile rangi nyeusi ni urembo."

Nilimwangalia kichwani, vile vibanio, nikauma mdomo.

"Kwa hiyo haikuungua?" akauliza Kamba-Tano.

"Haikuungua. Haijapata hata joto la homa."

"Na ningeifunga kifuniko tu na kwenda nayo nyumbani?"

Shangazi alifikiri. "Ungefunga kifuniko, giza lingeingia humo ndani, usingesikia kitu mpaka mwisho wa maisha yako."

"Na wewe?"

"Mimi Jumatatu ningekuwa nauza mapazia."

Ukuta, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda changu bila ruhusa, akainua kikombe. "Kwa hiyo ni mimi niliyeokoa."

"Umeokoa kwa kuniziba mwanga."

"Nimekuziba miaka kumi na mmoja bila malipo wala shukurani. Leo andika."

Na Shangazi akaandika kweli. Alichukua kikaratasi, akaandika, "Ukuta. Anafanya kazi akiinama," akambandika kifuani, naye akazunguka nacho mpaka jioni, wateja wake wakidhani ni bei ya shati.

Ikabaki kuziba mkwaruzo. Nilitumwa ng'ambo ya barabara kuomba rangi ya kucha. Mwenye saluni alisimamisha kazi, akamwacha mteja na povu kichwani, akaja mwenyewe na chupa.

"Hatimaye," akasema. "Nilijua ipo siku utakumbuka urembo. Kucha ziko wapi?"

Shangazi akamwonyesha transista. Mwenye saluni aliiangalia, akamwangalia Shangazi, akatuangalia sisi wote.

"Nina nyekundu tu. Nyeusi imeisha."

"Nyekundu itoshe. Paka nene, mara tatu."

"Shoga, mimi nimepaka kucha za maharusi. Hii nitapaka kwa pumzi moja."

Akapaka, mkono umetulia kama wa daktari, akapuliza kwa ustadi, na tukasimama wote watano tukingoja rangi ikauke. Mteja mwenye povu alikuja mlangoni kuuliza kama kuna msiba. Shangazi aliimulika transista kwa taa moja kwa moja, karibu kabisa. Hakuna mngurumo. Kamba-Tano akainuka, akaweka pedali sakafuni, akaikanyaga na kiatu chake kinachong'aa.

Sijui kueleza muziki. Nitasema tu kwamba cherehani, ambayo mke wa Ukuta alikuwa ameishika kwa zamu, ilinyamaza upande wa pili wa ukuta, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo aliitua chini na kupumzika, ingawa hakuonekana kuchoka.

Simu ya Shangazi Mkubwa ikaingia katikati ya wimbo.

"Jumatatu saa ngapi nikupokee?"

"Dada, kile kiti mpe mteja."

"Umeanza tena? Na hizo kelele ni za nini?"

"Si kelele," akasema Shangazi, na akaielekeza simu kwenye spika.

*

Jumamosi tulikwenda ukumbini, Shangazi, Ukuta na mkewe, mwenye saluni na mimi. Mpiga besi alipiga amekaa. Mwimbaji aliimba beti za kwanza mara mbili mbili na hakuna aliyelalamika. Kamba-Tano alipoikanyaga pedali kwa mara ya kwanza, wazee watatu nyuma yetu walisema kwa pamoja, "Eh, huyo," kabla hata hawajageuza shingo kuona ni nani. Watu wengine walitazama vidole vyake. Shangazi alitazama mguu wake, kwa wasiwasi, maana alikuwa anakanyaga kwa nguvu mno.

Tulirudi kwa miguu jua likiwa bado juu. Ukuta na mkewe walitangulia, wakibishana kama bendi ilipiga nyimbo kumi au kumi na moja. Shangazi alitembea polepole, mikono nyuma, na vibanio vilikuwa juu ya sikio lake la kushoto kama siku zote. Nina miezi saba kwake na sikuwa nimemuuliza hata swali moja la maana. Nililipanga lile moja tangu kona ya ukumbini mpaka kwenye duka la viatu, nikalipunguza maneno, halafu nikalisema.

"Shangazi, jana asubuhi ulikuwa umeshaacha kazi. Mbona ulibana vibanio?"

Alivigusa, cha juu na cha chini.

"Nilisahau kama nimeacha," akasema.